Mwenye Bucha Aliyeshindwa Kurudia

Shemeji yangu Konstantini ana bucha pale Bagara, na kwa miaka thelathini aliishi na dada yangu Dorika bila ndoa ya kanisani. Si kwamba alikuwa hapendi kanisa. Anapenda kwaya, anapenda mnada wa mavuno, anapenda hata mahubiri yakiwa mafupi. Alichokuwa hapendi ni siku yenyewe. Mara ya kwanza ndoa yao ilipotangazwa, alikwenda Simanjiro kununua ng'ombe akarudi baada ya Pasaka. Mara ya pili alisema suti imembana kwapani. Mara ya tatu hakutoa sababu yoyote, alijifungia ndani ya bucha akidhani hatutasikia redio.

Matokeo yake Dorika hakuwa akipokea komunyo. Wenzake wakiinuka kwenda mbele, yeye anabaki kwenye benchi na mikoba yao mapajani. Akina mama wa jumuiya walishazoea, hata hawamwombi tena, wanamrundikia tu. Mimi ni mdogo wake, naitwa Redempta, na kwa miaka mingi nilimwambia amwache huyo mwanamume akauze utumbo peke yake. Dorika alikuwa ananijibu kwamba Konstantini ni mtu mzuri, ana woga tu. Nikawa namwuliza mtu anayeangusha fahali kwa kamba anaogopaje shela.

Kisha mwaka jana kiharusi kikampiga. Alikuwa nyuma ya meza anakata mbavu, shoka likamtoka mkononi, naye akalifuata chini. Hospitali alilala siku kadhaa bila kusema neno. Maneno yaliporudi, yalirudi kwa fujo, mengine yamepinda, lakini yanaeleweka. Jambo la kwanza alilosema likaeleweka lote lilikuwa hili: "Nikitoka hapa, tunafunga." Dorika alilia mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amefariki.

Alitoka na mkono wa kulia umelegea na mguu mmoja unaburuta, presha yake ikiwa ya kuchungwa. Daktari alimwambia Dorika wazi kwamba kiharusi cha pili huwa hakibishi hodi. Kwa hiyo dada yangu hakupoteza muda. Alikwenda kujiandikisha yeye na Konstantini kwa katekista, Mwalimu Marseli, kwenye kundi la watu wazima wanaobariki ndoa kwa pamoja.

Hapa lazima nimweleze Marseli. Ni mtu wa sala na wa utaratibu, ana ndevu chache kidevuni, na amewahi kusimama mbele ya wateja wote pale buchani akasema nyama ya Konstantini ina mifupa mingi kuliko ng'ombe mwenyewe. Konstantini tangu siku hiyo anamwita mbuzi. Hamwiti pembeni, anamwita barabarani, na watoto wa Bagara nao wamejifunza. Ndiye huyo ambaye shemeji yangu alitakiwa kukaa mbele yake, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na kufundishwa maneno ya ndoa.

Mazoezi yalifanyika kanisani Jumamosi mchana. Utaratibu ni kwamba katekista anasoma kipande, bwana harusi anakirudia. Wazee wengine wote walirudia bila shida, hata mmoja asiyesikia vizuri aliyekuwa anarudia kwa kubahatisha. Zamu ya Konstantini ikafika.

"Sema baada yangu," Marseli akamwambia. "Mimi Konstantini nakupokea wewe Dorika uwe mke wangu."

"Mimi Kons... mimi naku... nako..." Konstantini akasimama, akameza mate. "Huyu mama yuko kwangu. Ana sanduku lake pale."

Watu wakacheka. Marseli hakucheka. Akakata kipande kikawa kifupi: "Nakupokea wewe Dorika."

"Napo... nakopo... Ndiyo. Yuko nyumbani, anapika."

"Konstantini, hapa si buchani."

"Najua hapa ni wapi," Konstantini akajibu, safi kabisa, bila kukwama popote. Jibu hilo ndilo lililomponza. Anayeweza kujibu hivyo, Marseli alifikiri, anaweza kurudia pia, ila hataki. Mwisho wa mazoezi wote wakasali Baba Yetu, na Konstantini akaisali kuliko wote, kwa sauti, tangu mwanzo hadi amina, bila kuruka neno. Marseli akafunga kitabu. Akasema huyu aondolewe kwenye kundi mpaka atakapoacha mzaha.

Kesho yake asubuhi Dorika alinipigia simu, na nilipofika Bagara nilimkuta anakunja kanga zake anaziweka kwenye begi. Alikuwa anakwenda Dareda kwa kaka yetu.

"Amenikataa tena," akaniambia. "Safari hii mbele ya watu, na mimi nimesimama pembeni yake nimevaa viatu vya kuazima. Bora alivyokuwa anakimbia."

Konstantini alikuwa ameketi uani juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na kwa kuwa ni shemeji yangu ninayo ruhusa ya kumtukana. Nikamwendea.

"Shikamoo sikupi," nikamwambia. "Sema baada yangu: mimi ni mtu mjinga."

Akaniangalia kwa macho mekundu. "Mimi mji... mnju... Ni kweli, shemeji, sina akili. Lakini usinifokee, sijalala."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa tusi la pili, nikaufunga. Alikuwa amenielewa. Alikuwa hata amekubali. Ila maneno yangu yenyewe, yale niliyomtilia sikioni, hayakutoka. Nikamwambia aseme paka. Akasema, "Pa... taka... yule anayekula panya." Nikamwambia aseme leo ni siku ya mnada. Akasema, "Watu wanauza ng'ombe leo, lakini mimi siendi." Nikamjaribu kwa Kiiraqw, lugha aliyonyonya, nako akakwama vilevile. Kila mara alijua amekosea, akajirudi, akajaribu tena, akakosea kwa namna mpya. Jasho lilikuwa linamtiririka mtu aliyekaa kivulini.

Mimi ni mkufunzi wa anatomia kwenye chuo kimoja cha afya hapa mjini. Nafundisha ubongo kwa kutumia ubongo wa plastiki ambao haufunguki, na kuna sura moja ya kitabu ambayo naiacha kila mwaka kwa sababu haitoki kwenye mtihani. Ni historia ya watu wa kwanza waliochunguza njia za nyuzi za fahamu ndani ya kichwa. Pale uani, mbele ya shemeji yangu aliyekalia ndoo, sura hiyo ilinirudia yote na kunitia aibu kidogo.

Nikamwita Dorika aache begi, nikawaeleza wote wawili. Zamani wasomi wa Ulaya walikuwa wanakata ubongo vipande kama mkate. Wanaona kijivu huku na cheupe kule, na hicho cheupe wengi wao hawakujua kina kazi gani. Karne ya kumi na saba, Mdenmaki mmoja aliwaambia wasomi wa Paris usoni kwamba hawajui lolote juu ya ubongo, naye mwenyewe hajui. Kile cheupe ni nyuzi, akasema, na dawa ni kuzifuata nyuzi hizo mpaka zinapoishia, ila ni kazi ngumu mno. Baada ya hapo akaendelea na shughuli nyingine, kama wanavyofanya watu wote wanaotoa ushauri mzuri. Zaidi ya miaka mia ikapita, Mjerumani mmoja akapata mbinu ya kuuloweka ubongo kwenye pombe kali mpaka ukakamae, halafu akawa anauchuna kidogokidogo kufuata nyuzi.

"Wangu umelowekwa tangu ujana," Konstantini akasema. "Nusu ya kazi imeshafanyika."

Nikamwambia anyamaze. Kwa kuchuna hivyo, yeye na wenzake waliona fungu la nyuzi limepinda kama upinde, linatoka nyuma ya sikio kuja mbele. Kisha mwaka 1874 daktari kijana, Mjerumani tena, akakaa na karatasi akachora. Akasema nyuma pale ndipo maneno tunayosikia yanapoeleweka, na mbele ndipo yanapotengenezwa ya kusema, na lazima kuna njia baina yao. Njia ikikatika, na pande zote mbili zikabaki nzima, mgonjwa ataelewa, atazungumza, lakini atayakoroga maneno. Mwenzake akaja kuongeza miaka kumi na moja baadaye kwamba mtu huyo atakwama hasa akiambiwa arudie. Walimchora mgonjwa kwenye karatasi kwanza, ndipo wakaanza kumtafuta wodini.

"Na amepatikana Bagara," nikamalizia.

Dorika alinisikiliza vizuri, mikono kiunoni. "Na Baba Yetu?" akauliza. "Mbona hiyo haikukatika?"

"Hiyo hairudii kwa mtu, dada. Ameikariri tangu utotoni, akianza inajitoa yenyewe."

"Kwa hiyo kila njia ni nzima, imekatika ya kunioa tu."

Nikafanya kosa la walimu wote, nikaamua kumwonyesha. Nilichukua ubongo wa ng'ombe kutoka buchani, nikaupeleka chuoni nikaulowesha kwenye dawa, nikaugandisha, nikauyeyusha, na baada ya wiki kadhaa nikarudi nao uani kwenye sinia pamoja na kijiti cha kuchunia. Dorika alikuwa hajaondoka kwa sababu nilimlilia asubiri, ila begi lilikuwa mlangoni na alikuwa anatoa nguo moja moja kila asubuhi na kuirudisha jioni. Nikaanza kuchuna. Wale wa zamani walikuwa na subira ya ajabu, walikaa na ubongo mmoja kwa siku nyingi wakitoa unyuzi baada ya unyuzi. Mimi sina. Nilichuna vizuri mara mbili, halafu kijiti kikazama, kitu kikafumuka, na sinia ikawa na uji.

"Hiyo ndiyo njia?" Dorika akauliza.

"Ng'ombe hata hana njia yenyewe," nikakiri. "Ng'ombe hana la kurudia."

"Umeharibu ubongo," Konstantini akasema kwa uchungu wa kweli. "Buchani ule ndio unaisha mapema kila siku."

Dada yangu akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akafunika uso kwa kanga. Alisema maneno ambayo sijayasahau. Alisema hana shida na komunyo, hana shida na jumuiya, Mungu anamjua. Anachotaka ni kusikia mtu huyu akisema mara moja, kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba anamtaka. Miaka thelathini amefua mashati yenye damu ya ng'ombe na hajawahi kuambiwa.

Konstantini aliangalia chini. Mkono wake mzima ulikuwa unashikashika ule uliolegea.

Ndipo nikapata akili, na haikutoka kwenye kitabu. Nilijiuliza ni maneno gani duniani ambayo mtu huyu angeyarudia kwa furaha, bila kubembelezwa, hata kama amekufa nusu. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Shemeji," nikamwambia, "sema baada yangu. Marseli ni mbuzi."

Uso wake wote ukawaka. Dorika akatoa kanga machoni. Konstantini akavuta pumzi kama mtu aliyepewa zawadi, akafungua mdomo. "Mar... Masel... mbu... mzu..." Akasimama. Akaanza upya. "Maleri ni... ni mbi... Yule mwenye ndevu! Wa kanisani! Anakula majani!" Akapiga goti kwa ngumi. Akajaribu mara nyingine na nyingine, kila mara anafika karibu, kila mara neno linamponyoka mlangoni. Mwisho akaacha. Tusi alilokuwa akilitupa barabarani bila kufikiri, alipotiliwa sikioni alirudishe, hakuliweza. Machozi yakamtoka, ya hasira tupu.

Dorika alikwenda mlangoni, akachukua begi, akalirudisha chumbani.

"Kweli anaumwa," akasema aliporudi. "Angeweza hilo, angelisema."

Ikabaki kanisa. Tulikwenda kwa paroko, Padri Wilbroad, mimi na Dorika. Nilimtolea Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia, nikamweleza habari yote, ila tusi nikalificha. Padri ni mtu mwema lakini alikuwa na uso wa mtu anayeona anafundishwa kazi. Marseli alikuwa kando yake akitikisa kichwa, anasema haya ni mambo ya vitabuni. Basi nikamwambia Padri kwamba yule Mdenmaki wa kwanza aliyesema tuzifuate nyuzi, baadaye aliacha upasuaji akawa padri, kisha askofu, na Kanisa limemtangaza Mwenyeheri. Nikampa jina. Padri akatoa simu, akatafuta, akasoma akiwa amekunja uso, akamwonyesha Marseli. Marseli akasoma naye. Sayansi ile ile iliyokuwa ya vitabuni dakika moja kabla, sasa ilikuwa na kofia ya askofu, na hakuna aliyeibishia tena.

"Ipo namna nyingine," Padri akasema. "Naweza kumwuliza maswali, akajibu ndiyo. Inatosha kabisa."

"Ndiyo tu?" Dorika akasema. "Padri, ndiyo anawajibu hata wateja wakiuliza kama nyama ni ya leo."

Padri akajitahidi asicheke. Wakakubaliana kwamba Konstantini arudishwe kwenye kundi, Kanisa litapata ndiyo yake, na akishaitoa, kama ana neno lake mwenyewe, aseme.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa, nusu ya Bagara ilikuja kuona kama Konstantini atakimbia na mguu ule. Hakukimbia. Suti ilikuwa imembana kwapani kweli, nilimwomba radhi kimoyomoyo. Padri akamwuliza maswali, akajibu ndiyo kila mahali panapotakiwa, na mahali pamoja pasipotakiwa. Kisha Padri akamwambia aseme lake.

Konstantini akageuka kwa shida kumwelekea dada yangu. "Nilikuwa naogopa watu wananitazama," akasema. "Ng'ombe hakutazami hivi. Wewe uliniosha nikiwa kitandani, hukuniambia kitu. Ukiumwa na mimi nitakuosha, hata kwa mkono huu mmoja. Uji wangu ni mbaya, utavumilia." Akafikiri. "Basi."

Watu walikuwa wanacheka na kufuta macho kwa pamoja. Padri akamgeukia Dorika, ambaye ubongo wake ni mzima na nyuzi zake zote zipo. "Sema baada yangu: Mimi Dorika nakupokea wewe Konstantini."

"Mimi," Dorika akasema.

Padri akasubiri, akarudia tena polepole. Dorika akafungua mdomo, pasitoke kitu. Padri akarudia mara ya tatu, kwa upole zaidi, na dada yangu, badala ya maneno ya kitabu, akamtazama mwanamume wake akasema kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho, "Nilidhani hunitaki."

Konstantini aliangalia kitabu cha Padri, akaangalia midomo ya Padri, nikaona anataka kufanya nini, nikatamani nimzuie. Alikuwa anataka kumpa yale maneno yenyewe, yale waliyopewa wanawake wengine wote pale mbele. "Naku," akaanza. "Nakupo. Nakopo. Naku." Akafumba macho. Hakuna aliyecheka, hata Marseli alikuwa ameinama mbele kana kwamba anamsukumia neno litoke. "Nakupo. Naku."

Akafumbua macho.

"Nakutaka," akasema.

Dorika akamshika ule mkono uliolegea, na Padri akaomba pete.